Santuri Iliyoshikwa kwa Kidole

Harufu yake ilitufikia kabla hatujaiona. Mwalimu Elinihaki, aliyefundisha kwaya ya mtaa wetu wa kanisa, aliifungua karatasi ya kaki juu ya meza ya baba yangu, na chumba kizima kikajaa harufu ya plastiki mpya, gundi na wino, kama ile ya viatu vya Krismasi vinapotolewa kwenye boksi. Nyumba yetu kwa kawaida ilinuka moshi wa kuni, makande yaliyokaa jikoni tangu asubuhi, na makoti yaliyolowa. Kwetu ni Chome, juu kwenye milima ya Upare ya kusini, ambako ukungu hushuka kutoka msitu wa Shengena hata mchana na nguo hukaa kambani bila kukauka. Kitu kipya kikiingia ndani ya nyumba kilitambuliwa kwa pua. Tulivuta hewa ile, na Mwalimu akaitoa santuri kwenye jalada lake, akaishika kwa ncha za vidole pembeni, kama mtu aliyebeba sinia la ushirika.

Ilikuwa kubwa. Hilo ndilo jambo la kwanza kila mtu alilolisema. Santuri tulizozijua zilikuwa ndogo, upana wa kisosi, zenye wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili. Baba Mdogo Yoeli, mdogo wake baba, alikuwa nazo kadhaa. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge kule tambarare, mbele ya Maore, pamoja na watu waliotoka Kigoma, Songea na Singida, na huko alijifunza kupenda muziki wa dansi. Mara moja alipokuja likizo alileta mashine ya santuri ya betri, yenye mfuniko uliokuwa pia spika, na akaiacha kwetu kwa sababu kambini vitu viliibwa. Lakini hii mpya ilikuwa na upana wa ungo mdogo, na ndani yake, alisema Mwalimu, zimo nyimbo zote za kwaya. Kampuni iliyokuwa ikitoa zile ndogo ilikuwa imeanza kutoa hizi kubwa, na sisi tulikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alisema neno "wa kwanza" mara nyingi siku ile. Nadhani lilikuwa limemfariji njia nzima kutoka Same.

Nilikuwepo siku waliporekodi. Nilikuwa msichana mdogo, na nilichukuliwa ili nimbebe Naetwe, binti wa Shangazi Nakijwa, aliyekuwa bado ananyonya. Kwaya ilishuka kwa lori lililopeleka kahawa mjini, wanawake wameketi juu ya magunia, sare zao zimefungwa kwenye kanga zisichafuke. Tulipofika Same joto lilitupokea kama mlango wa oveni. Mtu wa kampuni alikuwa ametoka Nairobi na mashine yake ya kunasa sauti, akaiweka kanisani, akaomba mablanketi ya kuziba madirisha. Kila lori lilipopita barabara kuu waliacha kuimba wakaanza upya. Waliacha pia kwa ajili ya upepo, na kwa ajili ya punda wa Wamasai waliokuja kuchota maji. Naetwe alipoanza kulia, yule bwana alinyoosha kidole mlangoni, nami nikatoka naye. Kwa hiyo wimbo ule mkubwa, ambao Mwalimu aliutunga juu ya Musa kuupiga mwamba ukatoa maji, niliusikia nikiwa nje, kupitia blanketi.

Wimbo huo ulianza na Shangazi peke yake. Alikuwa dada wa baba yangu, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye mwendo wa polepole ambaye alishona chini ya upenu na kuimba bila kufungua sana mdomo. Aliimba sauti ya pili, na sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, nzito na tulivu, ya mtu asiye na haraka ya kusikilizwa. Watu wa mitaa mingine walikuja kanisani kwetu kwa ajili yake, ingawa walisema wamemfuata mhubiri. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe ambao wanawake wengi wa milimani walikuwa nao wakati ule. Wake ulikuwa umekua hadi unambana anapolala. Miezi michache baada ya kurekodi alikwenda hospitali akafanyiwa upasuaji. Daktari alikuwa amemweleza mapema kwamba mishipa ya sauti iko karibu sana na mahali pa kukata, na yeye akakubali, kwa sababu alikuwa na mtoto mdogo na alitaka kupumua. Alirudi na shingo nyembamba kama ya msichana. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayezungumza kwenye chumba chenye mgonjwa.

Hakulalamika. Alirudi kwenye cherehani. Kanisani alihama kutoka benchi la kwaya akaketi na wanawake wengine, akafuata nyimbo kwa macho kitabuni. Lakini kila Mwalimu aliposhuka Same, Shangazi alimsubiri njiani anaporudi, na Mwalimu alitikisa kichwa kutoka mbali ili asimlazimishe kuuliza. Hata sisi watoto tulielewa alichokuwa akisubiri. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palikuwa njiani kuja. Naetwe alikuwa ameanza kutembea wakati huo. Alikuwa akiitwa na mama yake kwa kupigiwa makofi.

Ndiyo maana santuri ilipofika, Mwalimu hakutaka isikilizwe na watu wachache. Alimwomba mzee mwenye pembe ya msaragambo aipige. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, na pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu aende kutengeneza barabara au kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia. Hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia ikipigwa kwa ajili ya muziki. Watu walikuja na majembe na sururu. Mzee Kiondo, mwimbaji wa besi, alikuja na toroli.

"Barabara imekatika wapi?" aliuliza.

"Haijakatika, mzee. Tumekuja kusikiliza santuri."

"Santuri." Aliitazama toroli yake. "Mngesema mapema, nimeacha mbuzi hajafungwa."

Majembe yakaegemezwa ukutani, watu wakajaa uani kwetu. Jalada la santuri lilipitishwa mkono kwa mkono, na hapo matatizo yakaanza, kwa sababu kampuni ilikuwa imechora juu yake mlima wenye theluji kileleni. Mama mmoja alisema wametupeleka kwa Wachaga. Mwingine akasema afadhali, Wachaga watainunua wakidhani ni yao. Walicheka wote, hata Mwalimu, ingawa alicheka kidogo kuliko wengine.

Mwinjilisti Ezra, aliyeuongoza mtaa wetu wakati mchungaji yuko mbali, ndiye aliyepewa heshima ya kuisoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Alivaa miwani. Maandishi mengi yalikuwa ya Kiingereza, lakini tarakimu hazina lugha. Alisoma kimya, akainua kichwa, akasema kwa sauti yake ya ibada: "Ndugu zangu, wimbo wetu ni namba thelathini na tatu, ubeti wa kwanza na wa tatu."

Nilikuja kuziona tarakimu hizo kwa macho yangu mwenyewe. Kweli ziliandikwa 33, na pembeni yake 1 na 3 ndogo zimetengwa kwa mstari, sawasawa kama zilivyoandikwa kwa chaki kila Jumapili kwenye ubao wa nyimbo kanisani. Mtu yeyote wa mtaa wetu angesoma vile. Vitabu vikatafutwa, vikafunguliwa kwenye wimbo wa thelathini na tatu. Mwalimu alijaribu kusema kwamba kwaya haikuimba wimbo huo Same, lakini wa kubishana na mwinjilisti aliyekwisha kutangaza wimbo ni nani? Watu wakasimama, kama ilivyo desturi. Baba Mdogo Yoeli, aliyekuwa likizo, akaweka betri mpya, akashusha sindano.

Zilizotoka zilikuwa sauti za vifaranga. Sijui nisemeje vinginevyo. Zilikuwa nyembamba, za haraka, zinakimbizana, maneno yanapishana kabla hayajakamilika. Watu walitazama vitabu vyao, wakafunua kurasa, wakatazamana. Kicheko kikaanza nyuma, kwa vijana, kikaja mbele. Besi ya Mzee Kiondo, ambayo kanisani ilitetemesha vioo, ilisikika kama ya kijana anayebalehe. Kisha ukaja wimbo wa Musa, na mwanzo wake ukaimbwa na kisauti cha mtoto wa shule, chembamba, cha mbiombio, na watu wakacheka hadi wengine wakaketi chini.

"Hao ni watoto," alisema Mzee Kiondo. "Mwalimu, hao ni watoto wa shule ya Nairobi. Wamechukua nyimbo zetu wakawapa watoto waimbe."

"Ni sisi, mzee. Maneno si ni yetu?"

"Maneno ni yetu. Watu si sisi. Mimi sauti yangu naijua."

Bibi yangu, mama yake Shangazi, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mashine. Hakuwa amecheka. Alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti, akainua mkono watu wanyamaze. "Nimemzaa Nakijwa mimi," alisema. "Huyu si Nakijwa."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema, "Ni mimi, Mama." Nilimsikia kwa sababu pumzi yake ilinigusa sikio. Hakuna mwingine aliyesikia. Alisema tena, akijitahidi, na sauti haikutoka zaidi ya ile ya kwanza. Halafu Mwinjilisti akafunga kitabu chake, watu wakachukua majembe yao wakaondoka wakiigiza vifaranga njia nzima, na uani tukabaki sisi wa nyumbani na toroli ambayo Mzee Kiondo aliisahau.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazito kwa Mwalimu. Hakuna aliyemwambia usoni kwamba ameiuza kwaya, lakini waimbaji walianza kuchelewa mazoezini, kisha kutokuja. Kwa Shangazi yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Mtu aliyepoteza sauti huhurumiwa. Lakini yeye sasa alikuwa mtu ambaye sauti yake imeletwa mbele ya watu wote na mama yake mzazi ameikataa. Kila siku akimaliza kushona aliomba mashine ifunguliwe, na kila siku ilitoa vifaranga. Baba Mdogo, kabla hajarudi kwenye mkonge, aliikagua. Ilikuwa na swichi pembeni yenye alama kadhaa, lakini aliyemuuzia alikuwa ameilehemu kwa risasi ya bati isiteleze wakati watu wanacheza dansi, na ikabaki imeganda palepale. Hakuona shida. Santuri zake zote zililia vizuri.

Betri ndizo zilizotupa jibu, kwa sababu zilichoka. Tulizianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya na betri za redio, ingawa jua la Chome ni la kuvizia. Mama alizitoa na kuzirudisha ndani kila ukungu uliposhuka, na mwishowe zilikuwa na nguvu ya kusukuma santuri kwa shida tu. Ilikuwa alasiri. Walikuwepo Bibi, akichambua maharage, Mwalimu, aliyekuja kuichukua toroli ya watu, mama yangu, mimi, na Shangazi na mtoto wake. Santuri ilianza kwa ule ule mlio wa vifaranga. Kisha, katikati ya wimbo wa Musa, ikaanza kulegea. Sauti zikashuka. Vifaranga wakawa watoto, watoto wakawa wasichana, wasichana wakawa wanawake, na kwa muda wa kama nusu ya ubeti, pale mezani kwetu, Shangazi Nakijwa aliimba.

Mikono ya Bibi ilisimama ndani ya ungo. "Nakijwa," aliita. Hakumtazama aliyekuwa ameketi mbele yake, alitazama mashine. Sauti ikaendelea kushuka, ikapita, ikawa ya mwanamume, kisha ikawa mkoromo kama wa ng'ombe aliyelala vibaya, na santuri ikasimama. Mwalimu alivua kofia akaivaa tena. Shangazi ndiye aliyesema kwanza, kwa mnong'ono wake, "Imepita."

Mwalimu alishuka Same kutafuta betri. Zilipowekwa vifaranga walirudi wakiwa na nguvu kuliko siku zote, na hapo Shangazi alivuta kigoda, akanyoosha mkono wa kulia, akaweka ncha ya kidole cha shahada kwenye ukingo wa santuri inayozunguka. Alikigusisha kidogo tu, jinsi alivyozoea kuweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani ili mshono usikimbie. Sauti ikayumba. Ikashuka mno, akalegeza. Ikapanda, akabonyeza. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, na midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Alitafuta namna ile kwa ubeti mzima, huku na huku, kisha mkono wake ukatulia, na kilichotoka kwenye mfuniko wa mashine kilikuwa yeye. Hakufumbua macho mpaka wimbo ulipokwisha. Naetwe alikwenda akasimama mbele ya spika, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtu mashavuni.

Pembe haikupigwa tena, lakini watu walikuja wenyewe. Mzee Kiondo alikuja, akaisikia besi yake, akaomba arudiwe, akaomba tena. "Sasa huyo ni mimi," alisema. "Yule wa kwanza sijui walimtoa wapi." Waimbaji wakarudi mazoezini. Baba Mdogo alipokuja likizo nyingine alikuwa ameulizia kwenye klabu ya shamba, ambako walikuwa na mashine nzuri zaidi, na akatueleza kwamba zile tarakimu ni mwendo, mizunguko kwa dakika: santuri ndogo huenda arobaini na tano, hizi mpya ndefu huenda thelathini na tatu na theluthi, na mashine yetu ilikuwa imeganda kwenye ule wa kwanza. Mwinjilisti Ezra alicheka kuliko wote. Alijisimulia mwenyewe mimbarini. Kijijini kwetu lilibaki neno: mtoto akisoma kwa papara, au mtu akiongea kwa hasira, aliambiwa, "Punguza, uko arobaini na tano." Nimewahi kulisikia kwa vijana ambao hawajaona santuri maishani mwao na hawajui lilikotoka.

Kwa miaka mingi baadaye Jumapili za kwetu zilikuwa hivyo. Wageni waliketi, chai ya tangawizi ikamiminwa, Shangazi akavuta kigoda. Hakumwachia mtu mwingine kazi ile. Baba Mdogo alijitolea kutafuta fundi wa kuibandua swichi, lakini Shangazi akasema ikibanduliwa itavunjika, na ikaachwa vile. Naetwe alikulia miguuni pake, na wageni walipomuuliza mama yako anaimbaje, alionyesha santuri. Hakuwa na kumbukumbu nyingine. Mimi nilikuwa nayo, ile ya kanisani na ile ya kupitia blanketi, lakini kila Jumapili iliyopita ilifunikwa kidogo na ile ya kidole, mpaka nikawa siwezi kuzitenganisha. Kisha sindano ikachakaa na haikupatikana nyingine. Mashine ikafa. Santuri ilibaki ukutani, imekwaruzika kiasi kwamba hata mashine nzima isingeisaidia. Bibi alifariki, Mwalimu akafariki. Shangazi aliishi hadi uzee mkubwa akinong'ona, na tulimzika miaka michache iliyopita kwenye mvua, watu wakiteleza na jeneza njiani kwa sababu siku hizi msaragambo ukiitwa wanakuja wazee tu.

Mimi na Naetwe sasa tunaishi Same mjini, nyumba zetu hazipo mbali. Nimefanya kazi ya habari kwa muda mrefu na nimeiacha. Yeye ana duka la vitambaa. Mwaka huu alikuja kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye adabu na begi kubwa mgongoni. Alitusalimia shikamoo vizuri, akaeleza kwamba anafanya kazi na watu wanaotoa upya nyimbo za zamani. Walikuwa wamepata mikanda ile ile ya kampuni ya Nairobi, wakaisafisha. Wanataka kuitoa tena kwenye santuri kubwa, kama ilivyokuwa, kwa sababu santuri zinapendwa tena, hasa nje ya nchi. Alihitaji kitu kimoja tu: jina la mwanamke anayeanza wimbo wa Musa, liandikwe kwenye jalada. Watu wa Chome walikuwa wamemtuma kwetu.

Aliweka kispika kidogo juu ya kaunta, katikati ya majora ya vitenge, akagusa simu yake. Sijawahi kusikia kitu safi namna ile. Hakukuwa na mikwaruzo wala mngurumo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, tulivu. Lakini ilikuwa nyepesi kuliko ninayoikumbuka, changa zaidi, na ilikwenda haraka kidogo. Nilimtazama Naetwe. Alikuwa amekunja uso kama anayesoma maandishi madogo.

"Huyu si Mama," alisema.

Kijana alishtuka. "Mwendo uko sahihi, mama. Tumeupima kwenye mkanda wenyewe."

"Sijasema mwendo. Nimesema si Mama. Hebu mpunguze."

Akampunguza. Simu yake ina uwezo huo; akagusa mahali, wimbo ukaenda taratibu. Lakini sauti haikushuka. Ilibaki pale pale juu, maneno tu ndiyo yaliyovutika, kama mtu mchovu anayeimba ndani ya usingizi. Naetwe alisubiri. Kijana alipunguza tena. Maneno yakavutika zaidi, mwanamke akabaki yule yule mgeni.

"Haishuki?" Naetwe aliuliza.

"Siku hizi haishuki, mama. Ndiyo uzuri wake, sauti haiharibiki."

Nilikuwa nimeshaelewa, na kuelewa kulinichosha. Kazini tulikuwa tukijisikiliza kwenye kinasa sauti, na kila mtu mara ya kwanza husema huyo si mimi, mimi sauti yangu ni nzito kuliko hiyo. Mtu hujisikia kutoka ndani, kupitia mifupa yake, na ndani kuna uzito ambao wengine hawaupati. Shangazi alifumba macho, akabonyeza santuri mpaka ikalingana na sauti aliyoijua yeye. Hakuwa na kipimo kingine. Alipita kidogo pale tulipokuwa tukimsikia sisi, akaenda hadi pale alipokuwa akijisikia mwenyewe, na akatuweka hapo miaka yote ile, Jumapili baada ya Jumapili, na binti yake akamjua kutoka hapo. Bibi, aliyemwita jina siku betri zilipochoka, alimkuta mahali pengine, njiani kwenda chini. Sijui ni wapi. Hakuna aliyepima.

Nilimwambia kijana aandike Nakijwa, nikamtajia herufi moja moja. Naetwe hakubisha. Aliuliza tu kama anaweza kupata hiyo santuri yenyewe, siyo ya simu. Kijana alifurahi. Alisema zitakuwa chache, nyingi zimeshaagizwa Ulaya, lakini moja ataitenga kwa ajili ya familia. Akafunga begi lake akaenda kuwahi basi, na sisi tukabaki dukani na wateja wawili waliotaka kitambaa cha sare ya msiba.

Jioni Naetwe aliniambia amemwagiza mtu Moshi amtafutie mashine ya zamani. Sikumweleza habari ya mifupa. Ataweka kidole chake, na mkono wake hauko kama wa mama yake. Ataipunguza sana, ataiachia sana, kisha atageuka kuniuliza mimi, kwa sababu sasa nimebaki mimi peke yangu niliyemsikia Shangazi akiimba kwa sauti yake. Zamani ningemjibu kwa uangalifu, ningesema hapa kidogo, pale kidogo, kweli iko juu ya hapo. Sina nguvu hizo tena. Nitautazama uso wake, na utakapotulia, nitamwambia hapo hapo, usiondoe mkono.